Kidirisha cha Pembeni

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na limekaa kati ya kinyozi na duka la fundi televisheni. Mimi nauza kahawa hapo, na mwenye birika haondoki mpaka liishe, kwa hiyo nayasikia yote, ya maana na ya upuuzi. Fundi, tunayemwita Mtambo, ameweka televisheni dirishani, uso kwetu, na toka anafungua mpaka anafunga haitoki kwenye stesheni ya taifa. Anasema stesheni nyingine zinachosha mashine. Tumezoea. Saa mbili mazoezi ya viungo, saa tatu wakulima na kuku wao wagonjwa, saa nne watoto na vikaragosi, halafu bunge, na saa saba taarifa ya habari, ambayo ndiyo inatukusanya.

Inatukusanya kwa sababu ya kidirisha kidogo cha pembeni, chini mkono wa kulia, ambamo binti mmoja anatafsiri habari kwa mikono kwa ajili ya viziwi. Binti huyo ni wetu. Baba yake ni fundi viatu anayekaa mwisho wa benchi, kiziwi wa kuzaliwa, shule hakuiona, na mkewe alishatangulia. Wanamwita Mzee Kimya, jina la kipumbavu, maana mtaa mzima hakuna anayepiga kelele za nyundo kumzidi. Binti anakaa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Habari zikiisha, kila siku, anagusa kidevu kwa vidole viwili, na baba yake huku anainua nyundo. Ndiyo simu yao.

Jana msomaji wa habari alishanyamaza, karatasi zake kazipanga, mikono ya binti bado inakwenda. Ikaenda mpaka picha ikakatwa. Waziri, yaani kinyozi, tunayemwita hivyo kwa kuijua serikali kuliko inavyojijua yenyewe, akasema binti kaona habari za leo hazitoshi, kaongeza zake. Tukacheka. Mzee hakucheka. Aliinua nyundo akaishusha polepole, na kiatu cha watu kikamponyoka gotini.

Sasa leo saa saba habari zikaja, kidirisha hakuna.

— Kebo ya pembeni imechomoka, Mtambo akasema.

Waziri akamuuliza tangu lini pembeni kukawa na kebo yake. Mtambo akajibu kila kitu kina kebo yake, ila wanyoaji hawawezi kujua.

Ningewaacha wagombane, kama vipindi navyo visingeanza kwenda kombo. Baada ya habari huwa ni mapishi. Wakaturudishia vikaragosi vya asubuhi, vilevile, na sungura yuleyule anayehesabu mpaka tano. Waziri akaweka mashine yake chini na kumwacha mteja kanyolewa nusu kichwa.

— Wakirudia vikaragosi mchana, kuna jambo wanalificha.

Akatufafanulia. Jana msomaji kanyamaza, binti kaendelea. Kaendelea na nini? Na habari ambazo hazikusomwa. Viziwi wote wa nchi hii sasa hivi wanajua jambo ambalo sisi wenye masikio hatulijui, na ndiyo maana binti kaondolewa. Yule mteja wa nusu kichwa akasema labda anaumwa tu. Wakamtazama kama mtu aliyejamba msibani.

Mtambo, ambaye dakika tano nyuma alikuwa na kebo, akaiacha kebo yake. Akasema kama mambo yenyewe ni hayo, basi watataka kujua yalitazamwa wapi, na televisheni za siku hizi zinatazama na zenyewe. Yaani wanajua kuna benchi. Wanajua ni la miguu mingapi. Waziri akaanza kuingiza viti vyake ndani, kimoja kimoja, huku anaangalia mwisho wa barabara. Mtambo akanyoosha mkono kuzima.

— Zima uone, nikamwambia.

Nilisema hivyo kwa ajili ya mzee. Tangu saa saba hakugusa nyundo. Alikuwa kavuta kiboksi chake mpaka puani pa kioo, anatazama pembe ile ya chini kulia. Vikaragosi, pembe. Bunge likarudi, pembe. Mpira wa zamani uliochezwa sisi tukiwa bado na meno, pembe. Kipindi kikibadilika anasimama, kisha anakaa. Nikampelekea kahawa akairudisha, na miaka kumi na moja hajawahi kurudisha kahawa yangu. Nikampelekea nyingine. Sikuwa na namna nyingine ya kumwambia kitu.

Saa kumi kuna habari fupi. Nazo hazikuwa na kidirisha. Mzee akatugeukia, akatupitia mmoja mmoja, mikono yake ikasema jambo upesi upesi. Waziri akatikisa kichwa, ndiyo mzee, ndiyo. Hivyo ndivyo tunavyomjibu siku zote, na mimi nimo.

Ndipo akaja mwanamke mmoja, mguu mmoja una ndala na mwingine mtupu, kashika ndala ya pili iliyokatika mkanda. Hatukumjua. Akasimama akasikiliza. Wakati huo Waziri alikuwa keshamfikisha binti mpakani, kafungwa kitambaa machoni na, kwa maelezo yake, glavu nene mikononi asije akasema zaidi. Mwanamke akamsikiliza mpaka mwisho, akamtazama na mzee.

— Na mwenyewe anasemaje?

— Mwenyewe nani? Waziri akauliza.

— Baba wa binti.

Waziri akaanza kupuliza nywele kwenye mashine yake. Mtambo akainama kutafuta kebo. Miaka kumi na moja benchi moja, na hakuna aliyewahi kujifunza hata kumwambia habari za asubuhi.

Mwanamke akachuchumaa mbele ya mzee. Akaonyesha ile pembe ya kioo, akageuza kiganja juu. Basi, hakufanya zaidi ya hapo.

Mzee akachora tumbo kwa mikono yote miwili mbele ya aproni yake. Tumbo kubwa, la miezi yote. Akaonyesha pembe. Sisi binti yule tulimjua kuanzia kifuani kwenda juu, kidirisha kinaishia hapo. Kisha akapitisha kidole chini ya lile tumbo, mstari mmoja ulionyooka, kama anavyokata ngozi ya soli. Akaonyesha pembe tena, akasimamisha kidole kimoja akakiondoa, akaweka kingine mahali pake, akagusa kidevu kwa vidole viwili, akafungua mikono. Mitupu. Tukaelewa mikono ya binti jana ilisema nini, hata mteja wa nusu kichwa alielewa: kesho napasuliwa, baba, na atakayekaa mahali pangu atakuambia. Na mahali pake hakukaa mtu.

Mzee akafungua kopo la misumari akatoa kikaratasi kina gundi, kina namba ya simu ya binti kwa mwandiko wake. Kutwa kilikuwa humo. Na simu zetu tatu kutwa zilikuwa kwenye benchi, zimelala kifudifudi zisije zikasikia ya serikali.

Mtambo akapiga, akafungulia spika. Akapokea muuguzi aliyeachiwa simu ya binti. Mtambo akasema anapiga kwa niaba ya baba.

— Mtoto ametoka mzima, muuguzi akasema. Mama bado yuko chumba cha upasuaji, damu inasumbua. Pigeni baada ya saa moja.

Simu ikakatika. Waziri akamgeukia mzee, akainua dole gumba. Nikampiga mkono ukashuka.

— La nani hilo? La mtoto au la mama?

Akalificha mfukoni. Mwanamke akatutazama sote, ndala yake bado mkononi.

— Haya. Nani anamwambia, na anamwambiaje?

Mtoto ni rahisi, unapakata hewa unaibembeleza, mjinga yeyote anaweza. Lakini ukishabembeleza atacheka, na akishacheka, ile “bado” ya mama unaisema kwa mkono upi? Kwenye televisheni walikuwa wameanza hali ya hewa, jua huku, mvua kule, kila kimoja na picha yake. Mzee hakuwa anaitazama tena. Alikuwa anatazama mikono yetu, mmoja baada ya mwingine, kama alivyokitazama kidirisha kutwa nzima.

Nikaweka birika chini.