Mvua Juu ya Mabati

Wazazi wenzangu, na nyinyi mnaovaa mashine kama yangu, nivumilieni. Nitawaangalia sana midomo, mtu asidhani namkodolea macho.

Homa ya uti wa mgongo ilininyang'anya masikio nikiwa na mtoto wa kunyonya. Baadaye nilipasuliwa, nikawekewa kifaa ndani ya sikio, na hii kompyuta ndogo mnayoiona huku nyuma ya sikio. Kwa mtaalamu wa masikio, katika chumba chake kimya, nilisikia kila neno. Nikarudi kwetu Shinyalu nikijua nimepona.

Ndugu zangu, nawaambia, mvua yetu ya mchana mnaijua. Ilipopiga mabati, kila sauti ikawa kelele moja tu. Watu wa nyumbani wakaanza kunipigia kelele ati nisikie. Kadiri walivyopandisha sauti, ndivyo nilivyozidi kupotea.

Siku moja nilikuwa jikoni nikipukuchua mahindi, mvua inanyesha. Mtoto, ambaye wakati huo alikuwa ameshaanza kukimbia, aliteleza nyuma ya nyumba akatumbukia kwa shimo la choo tulilokuwa tunachimba. Maji yalikuwa yanaingia. Aliniita. Kati yetu kulikuwa na ukuta tu, na mashine nilikuwa nimeivaa, lakini sikusikia kitu. Jirani aliyekuwa anatoka kuchuma majani chai ndiye aliyemsikia, akaruka ndani. Mimi nilishtukia tu amesimama mlangoni na mtoto mikononi, wote matope matupu. Niliona mtoto analia. Kilio chenyewe sikukisikia.

Mama mkwe hakunigombeza. Alifunga nguo za mtoto, akanisogelea uso ili nimwelewe.

"Wewe ni mtoto wangu," akasema, "lakini huyu nakaa naye mpaka siku utamsikia kwa mvua."

Nikamkabidhi mtoto.

Nilirudi kwa mtaalamu nimejaa hasira. Nikamwambia hapa kwako nasikia, kwangu sisikii. Akauliza kwangu kuna sauti gani. Wifi yangu, tuliyekuwa naye, akatoka bila kuaga, akarudi na kipande cha bati na gorogoro, ule mkebe wa kupimia, imejaa mahindi. Akaanza kuyamwaga juu ya bati, mfululizo. Mtaalamu alicheka, akanisemesha, kisha akaacha kucheka alipoona sishiki hata neno lake moja.

Akakaa kwa kompyuta. Alinieleza kwamba mashine inaweza kupangwa ipunguze sauti isiyobadilika, kama ya mvua, na iipe nafasi sauti ya mtu, ambayo hupanda na kushuka. Wifi anamwaga, yeye anabadilisha, mimi nasema bado. Anabadilisha tena. Bado. Mahindi yametapakaa sakafu nzima. Halafu, katikati ya zile kelele, nikasikia mtaalamu akisema "maji". Nikasema maji. Wifi akaanza kulia, nikamwambia asiache kumwaga.

Mama mkwe alingoja mvua yenyewe. Akaniketisha jikoni, akamweka mtoto barazani, nyuma ya mlango. Mabati yanavuma, sisikii mtu. Nikajua nimemkosa. Kisha:

"Mama, niko na njaa."

Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya redio inayoishiwa na betri, lakini ilikuwa yake.

Namshukuru yule jirani, wifi na mtaalamu. Namshukuru pia mama mkwe, kwa ukali wake. Nanyi mkiulizwa kama mnasikia, msijibu mkiwa kwa chumba kimya. Wapelekeeni wataalamu kelele za kwenu.

Mtoto alirudi. Mvua ikinyesha huenda nyuma ya nyumba, ananiitanga bila haja yoyote, kunijaribu tu. Naitika kila mara.