Sikio la Kushoto la Mtoto wa Mfalme

Marehemu fundi, tuliyemwita Patasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha mbao, mtoto wa nne wa mpasua mbao na mshona magunia. Mama yake alisema hakulia alipozaliwa; alipiga chafya tatu kwa vumbi la mbao, akatazama huku na huku kutafuta kazi.

Alianza shule mwaka 1956, akaishia darasa la nne. Alichonga sura ya mwalimu juu ya dawati, pua na hasira zake zote. Mwalimu akamfukuza, halafu akalibeba dawati kwenda nalo kwake.

Tarehe 2 Juni 1971 aliajiriwa katika karakana ya makumbusho kukarabati vinyago vya kale. Sheria ilikuwa moja: kipande kipya kiachwe na rangi hafifu kidogo, kisha kiandikwe kitabuni, mtu asije akadanganywa. Aliishika kama sala.

Tarehe 7 Desemba 1974 alimwoa jirani yake, mwenye mkunjo mdogo juu ya sikio la kushoto, aliourithi kwa mama yake. Binti yao akazaliwa mwaka 1979, naye na mkunjo wake.

Jumanne, tarehe 9 Julai 1985, Patasi alikuwa akipangusa kichwa cha mtoto wa mfalme, kilichochongwa kwa mbao nyeusi miaka mia tatu nyuma. Sikio la kushoto likamong'onyokea kiganjani. Dumuzi walikuwa wamelila ndani, wakaacha ganda. Ijumaa mtaalamu alikuwa anakuja kukikagua, na fundi aliyemtangulia Patasi alifukuzwa kwa kuvunja kidole kimoja tu cha kinyago. Akachonga sikio jipya akiangalia la bintiye, akalipaka masizi na mafuta hadi likalingana. Kitabuni hakuandika kitu. Mkunjo nao aliuchonga. Nyumbani kwake masikio yote ya kushoto yalikuwa hivyo, na lake mwenyewe hakuwahi kuliona.

Ijumaa mkewe alimpelekea chakula, binti mkononi, akamkuta mtaalamu ameinamia kinyago na kioo cha kukuzia. Mkewe akauona ule mkunjo kwenye kinyago. Akamfunga binti leso kichwani mpaka macho yakamtoka.

"Mtoto ana nini?" mtaalamu akauliza.

"Sikio, bwana. Nyuki aliingia juzi."

"Hebu nimtazame."

"Mtazame tu. Ila nyuki bado hajatoka."

Mtaalamu akarudi kwenye kinyago. Baada ya kitambo kirefu yule bwana akasema, "Mkunjo huu ni alama ya ukoo wa kifalme." Maneno hayo yakaandikwa kwenye kibao kando ya kinyago, watoto wa shule wakayasoma karibu miaka arobaini. Mkewe alikataa kuosha sufuria wiki nzima, akidai damu yake hairuhusu. Patasi hakucheka.

Oktoba 2023 mapafu yake yalianza kushindwa. Kila akipata pumzi aliuliza kama kibao kingalipo.

"Niache niseme, mama watoto."

"Useme wakunyang'anye pensheni? Kufa kwanza, ndipo useme."

"Basi utanisemea wewe."

"Mimi hata kusoma sijui."

"Kusema unajua kupita kiasi."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika sikio.

Ameacha mjane, binti anayesoma wasifu huu kichwa wazi kama alivyoagizwa, na wajukuu wawili, mmoja akiwa na mkunjo. Mkuu wa makumbusho, aliyeketi mstari wa mbele, anaombwa alitazame vizuri sikio la msomaji. Kitabu cha karakana, alichoondoka nacho marehemu alipostaafu, kiko mezani kando ya jeneza, kimefunguliwa tarehe 9 Julai 1985. Binti ameandika: "Sikio la kushoto, jipya. Kazi ya Patasi." Mjane ameweka dole gumba. Nafasi ya sahihi ya mkuu ingali tupu, kalamu ipo, na wachimba kaburi wameambiwa wasubiri.

Wino ukikauka, apumzike kwa amani.