Kiti cha Mke wa Fundi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi umeme wa magari aliyezikwa juzi. Mtaani tulimwita Moto wa Chini. Kazi yake ilikuwa viti. Yale magari ya zamani yenye viti vya kupasha joto, swichi ikifa, ulimpelekea yeye. Narudia kwa mliochelewa kufungua redio: alitengeneza swichi za kupasha joto viti vya magari ya zamani. Kazi hiyo ilimlisha, na kazi hiyohiyo ikamvunjia nyumba.

Bintiye wa pekee alinipigia simu jana, akanipa sharti. "Msimpake baba mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema. "Semeni yote, au msiseme kabisa." Basi tunasema yote. Anayetaka sifa za msibani atafute kituo kingine, hatutakasirika.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la matairi. Viti vilivyong'olewa vilisimama vimeegemea ukuta, na kwenye makopo ya rangi mlijaa swichi kuukuu. Swichi hizo hazitengenezwi tena. Kwa hiyo fundi alikuwa kiguu na njia, yadi hii ya magari chakavu hadi ile, akipiga magoti kwenye matope na kufungua gari lililopondeka ili atoe kidude cha ukubwa wa kiberiti. Akikipata, alitabasamu. Watu wengi hatukuwahi kuyaona meno yake vinginevyo.

Mdomo nao, Mungu amrehemu, ulikuwa wembe. Niliwahi kumpelekea gari langu. Alifunua kiti, akaona waya zilivyosokotwa na kufungwa kwa plasta ya kidonda. Akaniuliza, "Aliyekufungia hizi mmegombana?"

Nikamwambia ni shemeji yangu.

"Basi mmegombana," akasema. "Hujaambiwa tu."

Sasa sikilizeni desturi yake moja, maana ndiyo iliyoleta balaa. Hakukabidhi gari kabla ya kukikalia kiti mwenyewe. Mafundi wenzake walikuwa na mita za kupimia umeme. Yeye alisema, "Mita yangu naikalia," na watu walicheka. Ndani ya kiti kuna kihisi, kidude kinachokata umeme joto likitosha. Kihisi kikiwa kimekufa na spea haipatikani, Moto wa Chini aliunga waya moja kwa moja, bila kihisi. Kisha anakaa, anangoja, anaridhika. Mteja anaambiwa, "Ukihisi kinachoma, zima." Na mteja alizima. Nani atakaa tu akiungua?

Mkewe, wasikilizaji. Mkewe alikaa.

Mama yule aliugua uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikufa ganzi, hata umfinye hajui. Mumewe, yule asiyekuwa na simile na mtu, alimwosha, akambadilisha nguo, akambeba mgongoni hadi garini. Hilo nalo lisemwe, kwa sababu binti mwenyewe amelisema. Mama alilalamika kitu kimoja tu: baridi. Mabega yalimtetemeka, vidole vikawa vyeupe. Mume akaapa kwamba mkewe hataona baridi tena akiwa ndani ya gari lake.

Akatafuta swichi, akaipata. Akatafuta kihisi, akakikosa. Akaunga moja kwa moja, akakaa juu ya kiti, akangoja, akasema kiko sawa.

Asubuhi ya baridi kali wakaondoka kwenda kwa binti, mji wa mbali. Kiti kimewashwa. Mama amejifunika blanketi, mgongo unapata joto, mabega yametulia. Njia nzima alikuwa anazungumza na kucheka. Alimwambia mumewe, "Leo umenifurahisha." Fundi mwenyewe ndiye aliyeyahadithia hayo maneno baadaye, kila mara kwa sauti ileile, mpaka watu wakawa wanamkwepa.

Walipofika, binti alikuja kumtoa mama garini. Nguo haikutaka kuachana na ngozi.

Hospitalini, koridoni, binti alimuuliza, "Baba, ulikipima kile kiti?"

"Nilikipima."

"Ulikipima kwa kutumia nini?"

"Nilikikalia."

Binti alimtazama, akageuka, akaenda zake wodini. Vidonda vile havikupona. Mama alioza akiwa hai, na hakuhisi hata kidogo, na ndiye aliyekuwa akiwabembeleza mume na binti wasilie. Akafa. Baada ya maziko binti alimwambia baba yake, "Usije kwangu." Akatia pamba masikioni. Simu hakupokea. Wajukuu hakumpelekea.

Mngetarajia mzee aliuze gari lile, au alichome moto. Wapi. Alianza upya kutafuta kihisi. Kazi za watu zikalala. Alizunguka yadi zote, akapanda mabasi kwenda miji asiyoijua, akabomoa viti vya magari ya watu waliokufa ajalini, damu imekauka kwenye vitambaa. Wenzake walimwambia amechanganyikiwa. Hakujibu, na kwa mtu mwenye mdomo ule, kutojibu kulitisha.

Hatimaye alikipata. Akakifunga, akarudisha waya zote kwenye njia zake. Safari hii aliazima mita, akapima na kurudia. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, bintiye atoke amsikilize. Akaendesha hadi kwake, akasimama nje ya geti, injini inaunguruma, akapiga honi.

Binti alitoka. Hakufungua geti.

"Mwanangu, njoo uone," mzee alisema. "Kinajizima chenyewe sasa."

Binti akasema, "Sasa umemfungia nani?"

Jirani aliyekuwa anafagia alisikia. Anasema mzee alizima gari, akakaa ndani mpaka taa za nyumba zilipowashwa. Kisha akaondoka. Moyo wake ulisimama wiki chache baadaye, pale karakanani, katikati ya viti. Wateja wakaja kuchukua magari yao.

Wasikilizaji wapendwa, kituo hiki kinatoa pole kwa binti, kwa wajukuu ambao hawakumjua babu yao, na kwa mafundi wenzake. Na nyinyi mlio na mgonjwa nyumbani, leo kabla hamjalala, mfikirieni yeye anahisi nini. Msipime kwa miili yenu. Upendo wa fundi huyu ulikuwa wa kweli, na ulimuua mkewe vilevile.

Nilimuuliza binti kama amemsamehe. Akanijibu hivi, na ameniruhusu niyaseme.

"Gari nimelirithi mimi. Siku ya kwenda kuchukua mwili wake mochwari kulikuwa na baridi, mikono yangu ikashindwa kushika usukani. Nikawasha kiti. Kikapata joto, joto zuri. Kisha kikajizima. Alikuwa amekifunga vizuri kabisa. Nilitaka kumwambia, na yeye ndiye niliyekuwa naenda kumchukua."