Mama Kazidiwa

Jongeeni hapa karibu na jiko, leo upepo unapeleka moshi ziwani. Anayetafuna karanga amalize kwanza, na mwenye simu aifunge mdomo. Haya ninayosema yanataka masikio matupu.

Kijiwe chetu cha Pasiansi mnakijua: benchi moja lililotoka kanisani likiwa limevunjika mgongo, pembeni ya karakana ya Masele, fundi pikipiki. Mimi nachemsha kahawa ya kwetu Muleba, wao wanakunywa na kubishana. Hakimu ni Jovitus, Mhaya mwenzangu; aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa mbuzi, na tangu siku ile hajashuka kizimbani. Antena ni Machibya, mrefu kama mlingoti, redio haimtoki begani. Siku hiyo tulikuwa na mgeni, Hellen, binti wa jirani yangu Bernadeta. Anasoma digrii ya pili, ya mawasiliano. Mwalimu wake alimtuma akakae na watu asikilize habari mbaya inavyosafiri kutoka kinywa hadi kinywa.

Alipomaliza shikamoo zake na kueleza kilichomleta, Antena alimtazama kuanzia viatu.

— Digrii ya pili ya kuongea. Ile ya kwanza ulisomea kunyamaza?

— Ya kwanza nilisomea utangazaji, baba. Sasa nasomea kwa nini mimi naweza kusema hivi, mwenzangu akasikia vile.

— Hilo mke wangu analijua, na hajavuka darasa la nne.

Tulicheka, lakini tulicheka nusu, kwa sababu ya Masele. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki ya mteja, mikono ina grisi, hafungui nati wala hafungi. Asubuhi ile dada yake Sabina, anayemuuguza mama yao kule Magu, alimpigia simu. Maneno yalikuwa machache: Mama kazidiwa, njoo. Simu ikakatika.

Nyie watoto wa siku hizi labda hamjui. Kwetu, msiba hauambiwi mtu aliye mbali. Mama yangu mzazi alikuwa akisema, mtu wa njiani ana miguu miwili tu, ukimtwisha na kifo ataanguka kabla hajafika. Shangazi yangu Selina naye aliletewa habari ya mumewe kwa mzunguko wa siku nzima. Walimwambia mume kaanguka kidogo, baadaye kalazwa, baadaye anamuulizia, mpaka alipokata kona akaona watu wamekaa chini, akaelewa mwenyewe. Kwa hiyo anayeambiwa "kazidiwa" haulizi. Anajua.

Na Masele alijua. Alituambia, tukamshika mikono, nikamkalisha. Wanaume wakapanga safari: ndugu wakusanyike kwake jioni, waondoke kesho alfajiri kwa gari moja, na turubai na sufuria za watu wengi. Seremala wa pale jirani alikuja kuulizia kipimo. Masele alisimama, akaweka kiganja chini ya kidevu chake mwenyewe. Seremala akatikisa kichwa, akaondoka.

Ndipo Hellen akauliza kwa sauti ya chini, wamejuaje kwamba ni msiba.

Hapo alikuwa amewasha moto kwenye nyasi kavu. Antena akaweka redio chini, jambo analolifanya kwa nadra, akamweleza kwamba maneno ya wagonjwa yana ngazi. Mzazi "akiumwa" maana yake mzima, kawakumbuka watoto. "Akiumwa sana" ndiyo ugonjwa wenyewe. "Akizidiwa" kapumzika. Na ukiambiwa "kazidiwa, njooni wote", basi hata kaburi limeshachimbwa.

— Hiyo usome, alimwambia. Hiyo haimo chuoni kwenu.

Hakimu hakutaka kushindwa. Akasema maneno si kitu, tazama anayepiga. Ugonjwa hupigiwa simu na mwanamke, msiba hupigiwa na mwanamume. Nikamkumbusha kwamba Sabina ni mwanamke. Akatafakari kidogo, akasema basi ndiyo ushahidi mkubwa zaidi, maana wanaume wameshindwa hata kuongea.

Antena akapanda juu zaidi. Yeye akiwa kwenye kivuko cha Kamanga, akawaona wanawake wamejifunga khanga kiunoni na hakuna anayesumbuka na mizigo yake, anajua ng'ambo ya Sengerema kuna kilio, na anajua kama ni cha mzee au cha mtoto. Akasema mtu kufa kwa kweli hakutimii mpaka redio imsome, na kuna jamaa mmoja aliyesomwa kwa makosa, tangu hapo watu wanampisha njiani. Hakimu akaunga mkono kwa methali.

— Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama wa Masele amesemwa.

— Hakimu, nikamwambia, hiyo si ya kumwambia mfiwa.

— Basi nyingine. Mwenda pole hajikwai. Maiti haina haraka, waitu, ndugu zangu. Kesho alfajiri panatosha.

Hellen alikuwa hajaandika neno. Aliuliza kwa nini Masele asipige simu Magu aulize vizuri. Hapo hata mimi nilimkatalia. Ukipiga unamlazimisha dada wa watu kutamka kwa kinywa chake kitu ambacho amekificha kwa huruma, si adabu. Masele ndiye aliyemalizia, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu asubuhi.

— Na nikipiga, Sabina ataniambia vilevile. Kazidiwa.

Binti alizungusha kikombe mkononi. Kisha akamgeukia Masele, si sisi.

— Kaka Masele, samahani. Na kama mama amezidiwa kweli, lakini bado anapumua? Sabina angetumia neno gani?

Hakimu akajaribu: angesema anaumwa sana.

— Anaumwa sana alisema wiki iliyopita, akajibu Masele.

Tukamtazama Antena, mwenye ngazi zake. Nilimwona anazihesabu kimoyomoyo, anapanda na kushuka, na pale katikati hakuna pa kukanyaga. Mimi nami nilitafuta. Nilimtafuta mama yangu, nikamtafuta shangazi Selina, wote niliowasikia wakiongea tangu nipate akili. Hakuna aliyeniachia neno hilo. Lilikuwepo moja tu, nasi tulikuwa tumeshawapa wafu.

Masele hakuaga. Alifuta mikono kwenye suruali, akapiga teke ile pikipiki ya mteja, ikawaka. Antena akamwita amngoje angalau ndugu zake. Vumbi ndilo lililojibu.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Alifika Magu jua bado lipo. Uani hapakuwa na watu waliokaa chini, palikuwa na kuku tu. Ndani alimkuta Sabina ameketi kitandani, kamwegemeza mama kifuani kwake ili apate hewa. Mama akafumbua macho.

— Nimeangalia mlango tangu asubuhi, akamwambia.

Masele akapiga magoti, akashindwa kusema alikuwa wapi. Angesemaje? Kwamba alikuwa Pasiansi anampimia jeneza? Sabina naye alishangaa kwa nini ndugu yake analia kama mtu aliyekosa, wakati yeye alimwambia wazi kabisa.

Mama aliishi mpaka Jumapili. Alikuwa na pumzi fupi, na kila pumzi aliigawa. Alipofumba macho, Masele ndiye aliyempigia Antena. Tulikuwa kijiweni wote, tukasikia.

— Mama amefariki.

Antena akakaza simu sikioni.

— Yaani kazidiwa?

— Hapana, Machibya. Amefariki. Leo alfajiri.

Hakuna aliyekunywa tena. Miaka yote niliyoishi, sikuwahi kusikia kifo kikipita simuni bila nguo. Hakimu alisema ni ukatili. Mimi sijui. Nililia palepale, na nilijua ninalilia nini.

Hellen alirudi chuoni. Mwalimu wake alimdai jibu. Akasema jibu hana, ana swali tu. Mwalimu akamwambia aanzie hapo. Bado anasoma, na akija likizo hupitia hapa, nao wazee siku hizi humpisha kwenye benchi, ingawa Antena bado humuuliza digrii ya tatu itakuwa ya kunong'ona.

Sasa urithi, maana mama yule aliugawa kwa kinywa chake, na waliokuwepo walisikia. Jaruba la mpunga la bondeni alipewa Sabina. Ng'ombe walikwenda kwa Revocatus, kitinda mimba, kwa kuwa hajaoa. Kinu na mchi akapewa Odeta, mjukuu mwenye jina lake. Masele alingoja zamu yake, ikafika mwisho kabisa. Mama alimshika mkono, akauweka juu ya mkono wa dada yake.

— Wewe nakuachia Sabina.