Mama Jeanne Nabintu na Kitenge Alichopanda Nacho Jukwaani

Mtakayoyasikia hamtayaamini, lakini mashahidi wamo humu humu kanisani, na mwandishi, shemeji wa marehemu, aliyaona kwa macho yake mawili.

Mama Jeanne alizaliwa Kadutu, Bukavu, tarehe 12 Machi 1961. Shule ya msingi aliimaliza hapo hapo. Sekondari aliiacha mwaka wa pili, baada ya mwalimu kumsifu mwenzake kwa insha ambayo yeye aliona haifikii yake. Wivu ulianza mapema.

Alishona nguo Kadutu, kisha kambini Nyarugusu alikokimbilia vita. Tangu 2007 alipika kwenye shule moja ya Hodge Hill, huku Uingereza, na hakuruhusu mtu mwingine aiguse sufuria yake ya wali.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Sylvestre, mwanamume mrefu wa sauti nzito. Mwandishi ndiye aliyewakutanisha, ingawa hakuna anayemshukuru.

Mwaka 2019 watu wa opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa, walikuja mtaa wa Winson Green kutafuta wenyeji wa kuigiza askari wa mfalme. Sylvestre akachukuliwa. Kisa chenyewe: mfalme anampenda malkia, waziri anakitaka kiti, malkia anasingiziwa, anafukuzwa, anakufa akiimba kifuani mwa askari. Askari huyo ni Sylvestre.

"Kifuani?" Mama Jeanne aliuliza mezani.

"Ni kazi tu, Mama Merveille," alijibu Sylvestre, akimwita kwa jina la binti yao.

"Na jumba lote lile la kifalme halina ukuta wa kuegemea?"

Wiki nzima sombe, kisamvu chetu, ilipikwa bila chumvi. Alicheka na wenzake wa kwaya, lakini aliogopa kweli: vita havikumnyang'anya mume, kambi haikumnyang'anya, sasa mwanamke mwenye taji angemchukua kwa wimbo.

Siku ya onyesho alikaa mbele, kitenge kipya mkobani. Malkia akaegemea. Sylvestre akafumba macho, na hapo ndipo alipokosea. Mama Jeanne alipanda jukwaani, akamfunika mumewe kitenge mabegani kama tunavyomtunza mtu wetu kwenye sherehe, akanyoosha pindo, akashuka. Malkia, kwa adabu zake, aliendelea kufa. Ukumbi ulidhani ndivyo mchezo ulivyo, ukapiga makofi.

"Nilifumba macho kwa ajili ya taa," Sylvestre alijitetea kwenye basi.

"Taa zilikuwa zimejipaka manukato?"

Figo zilianza kumsumbua Mama Jeanne mwaka 2023. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Sylvestre. Ameacha mume, watoto wanne, yaani Merveille na wadogo zake watatu, na wajukuu saba wanaosikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Leo Sylvestre amejifunika kitenge kile kile, kama alivyoagizwa. Akina mama watakaomletea chakula wamkabidhi Merveille mlangoni. Hilo pia ni agizo. Mama Jeanne alale salama, mlango unalindwa.

Habari hii ya opera alisomewa hospitalini mwezi Januari, aikague mwenyewe. Shemeji alifika kwenye makofi, akasoma: "Watu elfu tano walisimama, mfalme akavua taji akamvika Mama Jeanne, na malkia akafufuka ili…"

"Shemeji, uache bongo, uache uongo," akasema marehemu, macho ameyafumba. "Malkia hakufufuka. Nilimwangalia mpaka mwisho."