Kambale Syauswa Ananie (1976–2025), Mwalimu Aliyeogopa Mchezo Uishe

Ndugu, jamaa, majirani wa Kimemi hapa Butembo, nanyi mliotoka Beni asubuhi hii kwa barabara tunayoijua sote: familia inawashukuru kwa kufika. Anayewasomea ni Germaine, dada mdogo wa marehemu, na anaomba radhi mapema ikiwa sauti itamkatika.

Marehemu Kambale Syauswa Ananie alizaliwa Kipese, Lubero, tarehe 9 Juni 1976, mtoto wa pili wa marehemu mzee Malachie na mama Kasika. Alikuwa mwoga tangu utotoni. Familia haioni haya kulisema, maana hakuwa akijiogopea mwenyewe, aliogopea watu wake. Mama alipokwenda soko la Kanyabayonga kuuza kabichi, Ananie alisimama kando ya barabara tangu mchana, hataki kula, anatazama kila lori linalopanda. Siku moja alipanda juu ya lundo la kabichi za jirani ili aone mbali zaidi, akaziponda zote. Mzee Malachie alimchapa, tena kidogo tu, kisha akabaki pale pale kumngoja mama pamoja naye.

Alisoma shule ya msingi Kipese, akaja Butembo kwa sekondari, akapata diplôme d'État ya kumaliza sekondari mwaka 1996 na graduat ya jiografia, digrii ya chuo, mwaka 2001. Ramani zake zilikuwa safi kuliko za vitabuni. Ila pembeni mwa kila barabara aliyoichora aliandika mahali ambapo msafiri anaweza kupata pa kulala, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyemwomba.

Tarehe 28 Desemba 2002 alifunga ndoa na Mélanie, muuza unga hapa Kimemi. Alikuwa amemtembelea miaka minne, akiogopa kuuliza swali lenyewe, hata mwishowe Mélanie akamuuliza yeye. Mungu aliwajalia Jemima, Élysée na Phinées.

Kazi yake ilianzia Beni, mwaka 2001, katika shule ya sekondari. Huko ndiko alikokutana na Mukendi, mwalimu wa hesabu aliyehamishwa kutoka Kananga mwaka 2012, akija na mfuko wa dadu na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Kwa wale wasioujua mchezo huo: watu wanaketi mezani, mmoja anasimulia, na kila mwingine ana mtu wake kwenye karatasi, mwindaji au mganga au mpiga upinde. Msimuliaji anaweka hatari, mchezaji anasema mtu wake anafanya nini, dadu zinaamua. Mwenye kufaulu anapata pointi, na pointi zikitosha mtu wake anapanda niveau, yaani ngazi, anaongezeka nguvu. Hadithi ni ileile, inaendelea juma hata juma. Watu wakifika niveau ya ishirini, huwa imefika mwisho.

Mukendi alikuwa amemaliza hadithi nzima kwao Kananga kwa miaka miwili. Ananie alishika kiti cha msimuliaji Jumapili tarehe 3 Machi 2013, baada ya misa, na miaka saba baadaye meza yake ilikuwa niveau ya tano. Waliokaa mezani ni Mukendi, Jemima binti wa Ananie, na Kahongya, sekretari wa shule ile ya Beni, mwenye shamba la kakao upande wa Beni. Jemima alipiga hesabu akamwonyesha baba yake kwamba kwa mwendo ule wangemaliza mwaka 2041.

“Muzuri,” Ananie akamjibu. “Donc mupaka 2041 hakuna mutu ataniambia kwaheri.”

Watu walicheka, lakini waliomfahamu hawakucheka sana. Tangu mwaka 2014 watu walikuwa wakiuawa mashambani kuzunguka Beni. Kila Jumatatu aliita majina darasani polepole mno, kwa sababu aliogopa kulifikia jina lisiloitikiwa, na mara kadhaa alilifikia. Mwalimu huyu aliamini, bila kulisema waziwazi, kwamba mtu mwenye hadithi isiyokwisha Jumapili hii atarudi Jumapili ijayo. Ndiyo maana pointi alizitoa kwa ubahili ambao nyumbani kwake hatukuujua.

Mwaka 2016 alihamia Butembo na familia yake, na Mukendi naye akapata kazi hapa. Kahongya hakuweza kuacha kakao yake. Alikuja Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na mchezo ulikwisha saa nane mchana ili apate gari la kurudi.

Ugonjwa wa marehemu familia inauhesabu tangu Jumapili tarehe 6 Agosti 2023. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka kanuni kwamba pointi zinatolewa mwisho wa mchezo, na anayeondoka mapema hapati. Siku hiyo walikuwa karibu sana na niveau ya saba. Kahongya alitazama saa, akatazama karatasi yake, akabaki. Ananie aliona, na kwa mara moja maishani hakumhimiza aende, kwa kuwa hadithi ilikuwa tamu. Walimaliza saa kumi na nusu. Kahongya akaondoka na niveau yake mpya.

Usiku ule hakupiga simu kusema amefika. Jumatatu simu yake haikupatikana, na watu waliotoka huko walisema walisikia risasi mbele ya Maboya, kwenye barabara ya Beni. Ananie hakutoka nyumbani. Alikaa kwenye kiti chake cha mchezo, simu juu ya meza. Familia nzima iliogopa. Yeyote aliyesimama mlangoni hakuthubutu kuingia wala kutoka. Jumanne asubuhi namba tusiyoijua ikaita.

“Prof, niko muzima,” Kahongya alisema. “Balitugeuza Maboya, tukalala kwa kanisa. Telefone ilizimika.”

“Ni miye njo nilikukawisha,” Ananie akamwambia, na akakata simu alie.

Juma lile daktari alimkuta na tension, shinikizo la damu, ya juu sana, na haikushuka tena vizuri. Wala mezani Ananie hakutoa tena pointi hata moja. Walicheza miaka miwili mingine, wakapita misitu na mito, wote wakibaki niveau ya saba. Mukendi alilalamika kwamba watu wadogo namna hiyo hawatashinda adui yeyote wa mwisho. Ananie alisema adui wa mwisho hayuko karibu. Aliwasimamisha mbele ya mlango wa ngome moja, na hapo akawaweka miezi mingi.

Mwezi wa Septemba 2025 figo zilimshinda, akalazwa hapa Butembo. Jumapili tarehe 9 Novemba wachezaji wote watatu walikuwa kando ya kitanda. Kahongya ndiye aliyesema.

“Prof, fungua ule mulango. Mi pia naogopa, mais nataka nijue kuko nini.”

“Nyuma ya ule mulango hakuna kitu,” Ananie alisema. “Sikuandika. Kila mara nilikamata bic, nikaogopa kuangalia, nikaacha.”

Hakuna aliyemlaumu. Saa nane ilipogonga akamhimiza Kahongya aende, barabara inafungwa. Kahongya akasema leo hatoki, akatandika kitenge chini. Marehemu aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mélanie, na watu wake wote wa mezani wakiwepo.

Ameacha mjane, Mélanie. Watoto, Jemima, Élysée na Phinées. Mama yetu Kasika, aliyeletwa kutoka Kipese juzi na bado anauliza kama kweli. Dada mmoja, Germaine. Wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu. Na watu watatu wa niveau ya saba, wamesimama mbele ya mlango ambao sasa lazima waufungue wenyewe.

Mungu amlaze Ananie pahali pa amani, ambapo hana mtu wa kumngojea barabarani. Zamu ya kuogopa ametuachia sisi.