Debal ya Filomena

Pale Kampung Portugis, mtaa wa wazao wa Wareno mjini Melaka, kuna benchi la saruji linalotazama bahari, na kila asubuhi lina wenyewe. Alban Theseira, karani mstaafu wa bandari, hukaa upande wa kivuli. Katikati hukaa Horace Monteiro, aitwaye Profesa kwa sababu aliwahi kusoma kitabu kimoja cha historia mpaka mwisho. Pembeni ni Basil de Costa, fundi wa mashine za boti, ndiyo maana huitwa Injini. Asubuhi hiyo, siku tisa kabla ya Krismasi, Alban alikuja na chupa ya kahawa kama kawaida, na bakuli lenye kifuniko, jambo ambalo si la kawaida.

— Nini hiyo? akauliza Injini.

— Debal. Onjeni.

Filomena, mkewe Alban, alifariki mwezi Machi. Binti yao Marisa alikuwa anakuja kutoka Perth, na kwenye simu aliomba kitu kimoja tu: debal ya Mama, ule mchuzi mkali wa kuku, haradali na siki ambao bila huo pale kwao Krismasi haijawa Krismasi. Hili lilikuwa jaribio la tatu la Alban.

Injini alitafuna taratibu.

— Kulika, inalika.

— Sijauliza kama inalika. Imekosa nini?

— Siki.

— Siki nimemimina nusu chupa, bwana.

— Basi haradali. Umetia ya kopo wewe, nakujua.

Profesa akajifuta vidole.

— Mnahangaika bure. Tatizo ni chombo. Wareno walipoiteka Melaka mwaka 1511 walikuwa na vyungu vya udongo. Wewe umepikia nini?

— Sufuria ile ile ya Filomena.

— Aa. Basi si chombo.

— Ni maji, akasema Injini. Tangu wafukie kipande cha bahari pale mbele, maji yote yamebadilika ladha.

— Filomena kapikia maji ya bomba tangu tuoane.

— Bomba la zamani, lakini.

Profesa akashusha sauti.

— Nitawapa siri ya babu yangu, ila isitoke hapa. Askari wa Kireno walikuwa wanatia baruti. Punje mbili tu. Unadhani ule ukali umetoka wapi?

— Usitufunge kamba, Profesa. Filomena atoe wapi baruti?

— Kwani makabati yake mmeyapekua?

Alban hakucheka. Alikuwa ameyapekua yote, akitafuta daftari, karatasi, chochote kilichoandikwa. Alipata rozari mbili na miwani iliyovunjika mkono.

Hapo akatokea Hui Ling, mwalimu wa chekechea aliyehamia nyumba ya jirani mwezi uliopita, na kikapu chake cha mboga.

— Habari za asubuhi, wajomba.

— Njoo binti, tuamulie, akasema Profesa, akamweleza habari yote, na baruti haikuachwa.

Hui Ling alisikiliza mpaka mwisho.

— Sasa huyo mama alipokuwa anapika, ninyi mlikuwa wapi?

Injini akageuka kutazama boti baharini. Profesa akachungulia kikombe, nacho kilikuwa kitupu. Miaka thelathini na minane harufu ya debal ilimfuata Alban pale pale benchini. Akiisikia, anajua chakula kimeiva, anakwenda kula. Akakumbuka na sauti ya Filomena kutoka dirishani: “Alban, njoo unishikie sufuria.” Na yeye akijibu, “Naja,” bila kunyanyuka.

Akafunika bakuli, akasimama.

— Unakwenda wapi? Kahawa bado ipo, akasema Injini.

— Kunyweni. Mimi nakwenda jikoni.

Marisa alipofika tarehe ishirini na tatu alimkuta baba yake mbele ya jiko, macho mekundu kwa vitunguu. Akaweka begi mlangoni, akachovya kijiko, akaonja.

— Si ya Mama, akasema.

— Najua. Sijui imekosa nini.

— Tangawizi. Alikuwa ananikalisha hapa niimenye mpaka vidole vinawasha.

— Nyingi kiasi gani?

Marisa akavuta vigoda viwili, akaviweka karibu karibu mbele ya jiko.

— Kaa, Baba. Nikuonyeshe.